Sampuli Tatu Mezani

Mwandishi wa miongozo ya mitambo akiitwa na mteja mpya, kitu cha kwanza anachoombwa ni sampuli. Tuonyeshe ulichowahi kuandika. Ombi ni fupi, na wengi hulijibu kwa pupa: hukusanya kila walichokiandika tangu waanze kazi, wakakifunga kwenye faili moja zito, wakalituma kwa baruapepe na kungoja majibu. Majibu hayaji. Nimekuwa mhariri wa maandishi ya namna hii kwa miaka mingi, na mara nyingi nimeketi upande wa mteja, mafaili hayo yakiletwa kwangu niyapime. Yaliyonichosha ni mengi. Yaliyonifanya nivute kiti nisome taratibu hadi mwisho ni machache, na karibu yote yalikuwa mafupi.

Kuonyesha sampuli ni ufundi unaojitegemea. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuandika miongozo na asiujue hata kidogo. Anayeujua, mimi niko tayari kumtazama kutwa nzima.

Ninayemfikiria hapa ni dada mmoja wa Dar es Salaam, mwenzetu katika kazi hii. Nilifuatana naye kwenda kwa kampuni ndogo inayowauzia wakulima pampu za maji zinazoendeshwa kwa umeme wa jua. Walihitaji mwongozo wa Kiswahili wa kufunga pampu na kuitunza. Kazi za kuonyesha alikuwa nazo tele, za viwandani, za hospitali, za programu za simu. Alibeba tatu.

Uchaguzi wake ulianza kabla ya siku hiyo, kwa simu. Alimuuliza meneja wa kampuni hiyo, "Kaka, kabla sijakuletea chochote, naomba uniambie: mwongozo huu atausoma nani, na atakuwa wapi anapousoma?" Meneja akafikiri kidogo. "Kwa jina ni mkulima. Lakini kusema kweli, dada, anayeifunga ni kijana wake, tena palepale shambani, juani." Kwa jibu hilo akayapanga yote.

Mwingine angekimbilia kutafuta sampuli inayofanana na pampu. Naye alikuwa nayo: mwongozo wa jenereta kubwa ya kiwandani, wenye michoro safi ambayo ingempendeza meneja yeyote. Aliuacha nyumbani. Msomaji wa jenereta ile ni fundi aliyesomea, ameketi chumbani, ana muda na ana vifaa. Badala yake alichukua kadi ya ukutani ya jokofu la chanjo katika zahanati. Jokofu na pampu havina undugu. Wanaofanana ni wasomaji wao: muuguzi aliyesimama, mkono mmoja umeshika kitu, watu wanamsubiri mlangoni, na kijana aliyechutama kando ya kisima, mikono ina tope, baba yake anamwangalia. Wote wawili hawana nafasi ya kusoma aya. Yule dada aliona undugu huo, na kwangu mimi huo ndio uhodari wake mkubwa kuliko yote niliyoyaona siku ile.

Kumpangia mteja kazi kwa kufuata haja yake si jambo la jana. Leonardo da Vinci alipomwandikia mtawala wa Milan, Ludovico Sforza, karibu mwaka 1482 kuomba kazi, alianza na madaraja ya kijeshi na mizinga, vitu ambavyo mtawala mwenye maadui alivihitaji. Uchoraji, ambao dunia inamkumbuka nao, aliuweka mwishoni. Na alijitolea kuyathibitisha maneno yake kwa majaribio, mahali popote ambapo bwana huyo angependa. Alimjua msomaji wake.

Maana mteja naye ni msomaji. Ana kazi ya kufanya, nayo ni kuamua kama amkabidhi mgeni huyu mashine yake, jina la kampuni yake na fedha zake. Hana muda mwingi, hajui istilahi zetu, anaogopa kukosea. Kila tunachosema tunakijali kwa msomaji wa mwongozo, yaani mpangilio, ufupi, kumtangulizia anachokihitaji, kutomwacha njia panda, tunapaswa kumfanyia yeye kwanza. Sampuli zikija zimevurugika, mteja ameshaona namna mwongozo wake utakavyokuja.

Turudi kwenye kadi ya jokofu, kwa sababu nataka msomaji aione kwa karibu. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Wengi wetu tunaogopa joto tu, lakini baridi nayo huua: chanjo ya homa ya ini B, au ile ya pamoja inayowakinga watoto na magonjwa matano, ikiganda huharibika, na ikishayeyuka huwezi kuijua kwa kuitazama tu. Tangazo la zamani lililokuwa ukutani lilisema: "Iwapo kiwango cha joto kitashuka chini ya nyuzi 2, hatua stahiki zichukuliwe mara moja." Sentensi imevaa suti, na muuguzi akiisoma hajui anyanyue mkono upi. Nani achukue hatua? Hatua ipi? Chanjo zimwagwe, zitumike, zihamishwe?

Kadi yake ilikuwa hivi:

Kipimajoto kikisoma chini ya 2:
1. Andika joto na saa kwenye fomu.
2. Tenga chanjo zote. Andika juu yake: ZISITUMIKE.
3. Usizitupe.
4. Mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya.

Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika namba ya simu kwa kalamu, kwa sababu mratibu huhama na kadi hubaki. Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda. Si hatua hasa, ni katazo. Lakini limekaa pale ambapo mkono wa mtu mwenye hofu ungekuwa tayari unaelekea kwenye ndoo ya taka. Mwandishi aliyekaa ofisini asingejua kwamba katazo hilo linahitajika. Huyu alikwenda zahanati akakaa kimya kwenye benchi akawatazama wauguzi.

Hayo ya benchi nimeyajuaje? Yalikuwa nyuma ya kadi. Kila sampuli aliyoibeba ilikuwa na maelezo ya nusu ukurasa, kwa lugha ya kawaida: aliyekusudiwa kuisoma ni nani, tatizo lilikuwa nini, rasimu ya kwanza ilikuwaje na kwa nini haikufaa, yeye mwenyewe alifanya sehemu gani, na wengine walifanya ipi. Aliandika wazi kwamba michoro ilichorwa na msanii, kwamba usahihi wa maelekezo ulithibitishwa na mtaalamu wa afya, na kwamba kadi inaonyeshwa kwa ruhusa, jina la zahanati likiwa limeondolewa. Fundi cherehani huning'iniza gauni mlangoni, na mwanamke anayejua nguo huligeuza ndani nje akatazama mshono. Maelezo yale yalikuwa ni kumgeuzia mteja gauni kabla hajaomba.

Siku hizi nusu ukurasa huo umekuwa na uzito zaidi. Tangu mwishoni mwa 2022, programu za akili unde zimemwezesha yeyote kutoa maandishi nadhifu kwa dakika chache, na mteja mwenye akili timamu anajiuliza, bila kusema, kama alichoshikishwa kiliandikwa na mtu. Unadhifu peke yake haumjibu. Kinachomjibu ni habari ya uamuzi: hatua saba zikawa nne kwa sababu gani, katazo lile lilitoka wapi, nani alibisha na alibisha nini. Mambo hayo huyasimulii kama hukuyafanya, au ukiyasimulia, swali moja tu la mteja linakuumbua.

Alipomkabidhi meneja kadi ile, akanyamaza. Nilitamani kusaidia, nieleze hiki na kile. Yeye aliweka mikono mapajani akaangalia dirishani. Baadaye aliniambia sababu kwa kifupi: mwongozo hauna mdomo. Ukimsomea mteja sampuli, ukamwonyesha kwa kidole, ukamsifia, umemnyima kitu pekee alichokuja kukipima, yaani kama karatasi inajitosheleza bila wewe kuwepo. Meneja alisoma, akageuza nyuma, akasoma, akarudi mbele.

Karatasi ya pili haikuagizwa na mtu yeyote. Aliiandika kwa hiari yake, na sababu yake nitaieleza. Inahusu jambo ambalo karibu kila mzazi amewahi kulisikia, namna ya kumchanganyia mtoto anayeharisha maji ya sukari na chumvi. Mstari wake wa kwanza unasema, kama una pakiti ya ORS, tumia hiyo, na usome kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Kama huna, ndipo uendelee. Kipimo chenyewe kinajulikana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Ungedhani hakuna la kuongeza. Lakini kijiko hicho ni cha chai, si cha kulia wali, na kinasawazishwa kwa mgongo wa kisu. Lita moja ni chupa mbili za maji za nusu lita, na chupa hizo zipo hadi kijijini. Na chumvi ndiyo yenye hatari, maana ikizidi, maji yaliyokusudiwa kumponya mtoto yanamdhuru. Basi hatua ya chumvi kaitenga peke yake, na baada yake kaandika: "Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga, anza upya." Kila mama ana kipimo hicho usoni mwake, hakihitaji mizani wala umeme.

Kwa nini alijiandikia kazi isiyo na malipo? Kwa sababu kazi zake nyingi bora hawezi kuzionyesha. Anayeandika miongozo huingia jikoni kwa watu: anajua mashine ambayo haijatangazwa, anajua kasoro zake, anajua nywila za majaribio. Hutia saini mkataba wa kutunza siri, na mara nyingi maandishi yenyewe ni mali ya aliyelipa. Wapo wanaochukua njia ya mkato, wakaonyesha kazi ya kampuni moja kwa kampuni nyingine, tena kwa kunong'ona, "hii ni siri, usiseme". Mteja anayesikia hivyo anapaswa kusimama na kuaga. Siri yake ndiyo itakayofuata kunong'onwa kwenye meza nyingine. Njia safi ni mbili: kuomba ruhusa kwa maandishi, au kuandika upya juu ya jambo lililo wazi kwa wote. Kwa anayeanza, ambaye hajawahi kuajiriwa na yeyote, hii ya pili ndiyo mlango. Sampuli haihitaji kuwa imelipiwa ili iwe kweli.

Ruhusa ikipatikana huwa na masharti ya kufuta majina, na hapa nataka nisimame kidogo, kwa kuwa nimeona watu wazima wakiteleza. Kuchora mstari mweusi juu ya maneno kwenye faili la PDF hakuyafuti. Maneno yanabaki chini. Mtu anayachagua, anayanakili, anayabandika kwingine, anayasoma. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, mshauri wa kisiasa aliyekuwa na kesi nchini Marekani, waliwasilisha mahakamani hati iliyofichwa kwa namna hiyo, na waandishi wa habari wakayasoma yote yaliyokuwa chini ya weusi. Jina la mteja liondolewe kwenye maandishi yenyewe kabla faili halijatengenezwa. Kisha zitazamwe sifa za faili, mahali ambapo kompyuta huandika kimyakimya jina la mwandishi na la kampuni. Kisha picha, maana nembo huonekana hata kwenye kona ya picha ya kioo cha kompyuta. Dada huyu hufanya hayo yote, halafu humpa mtu mwingine faili na kumwambia atafute jina. Asipolipata, ndipo faili linatoka.

Sampuli ya tatu ilitoka kwenye mwongozo mrefu wa mashine ya kusaga na kukoboa mahindi. Hakuubeba wote. Alibeba ukurasa wa yaliyomo, ili mteja aone anavyopanga jambo kubwa, na kurasa chache za ndani, karibu zote kutoka sehemu ya hitilafu: mota inavuma lakini haizunguki, unga unatoka wa moto, mkanda unateleza. Mtu akiwa hana tatizo hafungui mwongozo. John Carroll, mtafiti wa IBM aliyewachunguza watu wakijifunza kutumia kompyuta, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990, The Nurnberg Funnel, kwamba watu hawasomi kwanza ndipo wafanye. Huanza kufanya, wakakosea, ndipo wakatafuta msaada. Kwa hiyo anayetaka kumpima mwandishi wa miongozo asitazame sura ya karibu na hongera. Atazame sura ya hitilafu.

Katika kurasa hizo kulikuwa na sentensi mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, ya zamani na mpya. Ya zamani: "Fungua kinga ya mkanda baada ya kuzima mota na mkanda kusimama." Ni Kiswahili sahihi, na ni hatari. Kijana anayesoma huku anafanya, akifika kwenye neno la tatu mkono umeshafika kwenye kinga, na mkanda huendelea kuzunguka kwa muda hata mota ikishazimwa. Mpya: "1. Zima mota. 2. Ngoja mkanda usimame kabisa. 3. Fungua kinga." Hakuna elimu kubwa hapo, ni kuyapanga maneno kwa mfuatano wa matendo. Lakini sijui sentensi nyingine inayomtofautisha kwa haraka hivyo mwandishi wa kawaida na mwandishi wa miongozo. Wanaoandika miongozo ya matengenezo ya ndege wana kanuni zao, ASD-STE100, zilizoanzia miaka ya 1980, zinazotaka sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20 ya Kiingereza na ibebe agizo moja. Kwa Kiswahili chetu, ambacho kitenzi kimoja hubeba mzigo wa maneno manne ya wenzetu, ishirini ni mengi mno. Dada huyu hujibana ndani ya kumi.

Meneja alizisoma sentensi zile mbili, akaziweka mezani, akasema, "Unajua, dada, na paneli zetu ziko hivyohivyo. Vijana wanadhani wakizima swichi, umeme umekwisha. Paneli ikipigwa na jua inatoa umeme tu, haina habari na swichi. Tunawaambia waifunike kwa turubai kabla ya kugusa nyaya, lakini wapi." Yule dada akatoa daftari. Hakusema "mimi nitawaandikia vizuri". Aliuliza, "Turubai mnawapa nyinyi, au kila mtu anatafuta lake?" Wakaendelea hivyo, turubai, nyaya, chujio linaloziba kwa matope, pampu inayoungua ikizungushwa bila maji, hadi chai ikapoa.

Sampuli iliyofanya kazi yake utaijua hapo: mteja ameacha kuizungumzia, anazungumzia mashine yake. Sifa kama "umeandika vizuri sana" ni maneno ya kuagia. Mteja aliyeanza kukupa matatizo yake ameshakuajiri moyoni, bado karatasi tu.

Yaliyobaki ni madogo, nayo aliyatimiza. Jioni ile alimtumia meneja nakala kwa simu, kwa sababu ndiko atakakozisoma na kuwaonyesha wakubwa zake. Faili jepesi, lisilomla mtu bando. Jina la faili lilisema kilichomo, kwa hiyo hata likipotea katikati ya mamia ya mafaili ya WhatsApp litapatikana kwa kutafuta "kadi ya jokofu". Hakutuma kiungo kinachomtaka mtu aombe ruhusa ndipo afungue. Nimeshuhudia kazi nzuri zikikosa wasomaji kwa kiungo kama hicho, mteja anagonga, anaambiwa asubiri kibali, anaendelea na shughuli zake.

Lipo jambo moja ambalo wateja wetu wanapenda kuliomba baada ya sampuli, nalo ni kurasa za majaribio: tuandikie mbili tatu za mashine yetu tuone. Ombi si baya. Sampuli huonyesha ulivyofanya kwa mwingine, na mtu ana haki ya kujua utakavyofanya kwake. Ubaya ni kutaka kurasa hizo bure, kwa sababu ukurasa mmoja wa kweli wa pampu unahitaji kwenda shambani, kumtazama kijana akifunga, kumuuliza fundi, kuandika, kurudi na kujaribu tena. Hiyo ni kazi yenyewe, si kionjo. Dada huyu alikubali kuandika ukurasa mmoja, wa kufunga nyaya za paneli, kwa malipo waliyoafikiana palepale, na meneja hakuona ajabu.

Ndugu unayeagiza miongozo, iwe ya pampu, ya dawa au ya programu ya simu, ukiletewa sampuli usizihesabu. Chukua moja, keti, jifanye wewe ndiye muuguzi au kijana yule kando ya kisima, na ufuate maelekezo hatua kwa hatua. Muulize mwandishi alikata nini na kwa nini, na muulize ruhusa ya kukuonyesha kazi hiyo aliipata kwa nani. Na ukimtaka ukurasa wa majaribio, mlipe siku anapoukabidhi.